Saa 8 mchana ni kuchelewa kupanda Monadnock

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Marangu, sasa naishi Manchester, New Hampshire, Marekani. Jumapili ya mwisho ya Agosti nataka kuwapeleka wanangu, mmoja ana miaka 9 na mwingine 12, wapande Mlima Monadnock kwa njia ya White Dot. Tutatoka kanisani na kuanza kupanda saa 8 mchana. Ramani ya simu inaonyesha kilomita 3 tu hadi kileleni, na kiangazi huku jua huchelewa kuzama. Muda utatosha? Na mbwa wetu tunaweza kwenda naye?

JIBU: Kaka, muda hautoshi. Kilomita 3 ni kweli, lakini mlima hauhesabiwi kwa kilomita peke yake. Kilele kiko mita 965, na kutoka maegesho ya Jaffrey utapanda kama mita 550. Sisi waongozaji huanza na kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5 za mwendo, kisha uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa White Dot hiyo ni kama saa moja na nusu.

Ila Naismith alimhesabu mtu mzima mwenye mapafu mazuri, kwenye njia nzuri, bila kupumzika. Mwanzo wa White Dot ni njia pana ya msituni, na watoto wataikimbilia. Ukishapita chemchemi ya Falcon, inageuka ngazi ya mawe, halafu miamba mitupu ambayo mtoto wa miaka 9 ataipanda kwa mikono na magoti. Hapo mimi huongeza nusu ya muda: saa mbili na robo kupanda. Kileleni mtakaa dakika 40, maana watoto watataka kula, na mwezi huo huenda bluberi za porini bado zipo kwenye vichaka vya juu. Kushuka nipe saa mbili kamili. Wengi hudhani kushuka ni nusu ya kupanda. Kwenye mawe makubwa sivyo, kwa sababu miguu imechoka na kila hatua inataka kutafutiwa mahali. Jumla ni kama saa tano, yaani mnafika kwenye gari saa 1 usiku.

Sasa jua. Marangu linazama karibu saa ileile mwaka mzima. Huku, mwishoni mwa Juni linazama kama saa 2:30 usiku, lakini Agosti ikiisha ni kama saa 1:25, na kila siku linawahi kuzama kwa karibu dakika mbili. Watu hupanga safari ya Agosti kwa mwanga wa Juni, na hao ndio wanaokutwa gizani. Chini ya miti giza huingia kabla hata jua halijazama. Umebakiwa na dakika 25, na mtoto mmoja akiteguka kifundo cha mguu zimekwisha.

Kuna na radi. Siku za joto na unyevu, mawingu ya mvua huku hujijenga mchana, saa zile hasa mtakazokuwa juu. Kilele cha Monadnock ni mwamba mtupu. Moto wa mwanzoni mwa karne ya 19 uliunguza msitu wake na udongo ukasombwa, kwa hiyo huna pa kujificha. Ukisikia ngurumo, hata kwa mbali, mnageuka na kushuka mpaka kwenye miti. Hakuna cha "tumebakiza kidogo".

Nendeni Jumamosi, muanze saa 2 asubuhi. Maegesho agiza mapema mtandaoni, maana mlima huu hutajwa miongoni mwa inayopandwa na watu wengi zaidi duniani. Muweke saa ya kugeuka kabla hamjaondoka: ikifika saa 5 asubuhi mko popote, mnarudi. Kushuka tumieni White Cross, yenye alama za misalaba myeupe. Ni laini kidogo kuliko White Dot.

Kila mmoja abebe maji lita moja na nusu, wewe lita mbili. Fulana za pamba ziacheni. Mjini kukiwa na nyuzi 28, kileleni zitakuwa kama 22, si baridi hata kidogo, lakini fulana iliyolowa jasho ikipigwa na upepo wa mwambani utamwona mtoto anatetemeka huku jua linawaka. Beba koti jepesi kwa kila mmoja, na tochi ya kichwani hata kama ni asubuhi. Ya simu haikuachii mkono wa kushikia mwamba.

Watoto wasiache njia hovyo. Mwisho wa kiangazi viota vya nyigu wa ardhini huwa vimejaa, na mlango wake ni tundu dogo tu pembeni ya gogo. Mkirudi nyumbani wakagueni kupe nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele, kwa sababu kupe wa huku huambukiza ugonjwa wa Lyme.

Mbwa abaki nyumbani. Hifadhi ya Monadnock hairuhusu mbwa, hata akiwa na kamba.