Mnara wa tani 4,800 ulihamishwa, nyumba ya Ngara ikashindikana

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama jengo la kale likiwa hatarini lifaa kutumiwa pesa nyingi ama liachwe tu lijiangukie. Mi nasema litumiwe, na nasema kama mtu wa mjengo, nimejenga mawe hapa Nairobi miaka kumi na tisa na kubomoa nimebomoa pia.

Kuna mnara wa taa unaitwa Cape Hatteras, uko North Carolina kule Marekani, ulimalizwa 1870. Ni wa matofali, karibu mita 60 kwenda juu, kazi yake kuonya meli zisipande mafungu ya mchanga yaliyojificha chini ya maji, na hapo zimezama nyingi mpaka mabaharia wakapaita makaburi ya Atlantiki. Wakati wanaujenga bahari ilikuwa mbali, kama mita 450, lakini ikala ufuo pole pole, kufika 1970 zimebaki mita 37 hivi.

Sasa hapa kwa msingi ndio mi hushangaa. Wazee walichimba kama mita mbili tu, maji yakajaa shimo, wakalaza mbao za msonobari humo humo ndani ya maji halafu wakapanga graniti juu. Fundi wa leo ukimwambia hivyo atakataa, lakini mbao ikizama kwa maji yasiyo na chumvi bila kupata hewa haiozi, na hizo zilibeba tani 4,800 zaidi ya miaka mia. Shida ni bahari ikifika mchanga unasombwa, na hapo mnara hauna pa kusimama.

Watu wakabishana miaka, wengine wanataka ukuta wa kuzuia mawimbi, wengine wanaogopa ukiguswa tu utaanguka. Mwaka wa 1999 wakautenga na msingi, wakaingiza mihimili ya chuma chini, wakauinua kwa jeki wakausukuma kidogo kidogo mita 884, siku 23, na ukafika mzima. Hata nyumba za walinzi wa taa zilihamishwa zikapangwa vile zilivyokuwa zimekaa na mnara, na yale mawe ya msingi wa zamani wakayachonga majina ya walinzi. Dola karibu milioni 12. Ni pesa nyingi, najua, lakini mnara bado umesimama na watu wanauona huko huko kwao.

Mi nimewahi kuitwa niende Ngara, hapa Nairobi, kubomoa nyumba ya mawe ya kuchongwa kwa mkono, alama za patasi unaziona moja moja, kila fundi na mkono wake. Nikauliza kama hata ukuta wa mbele hauwezi kubaki, nikaambiwa tingatinga limeshalipiwa mpaka Jumapili. Jumatatu yake ilikuwa kifusi, saa hii watu wanapaki magari. Nililipa mkokoteni nikabeba jiwe moja, liko kwangu mlangoni, na vijana ninaowafundisha kazi huwa nawaanzisha nalo, washike zile alama kwanza kabla sijawapa patasi.