Friza ya laki mbili na nusu

Mwaka juzi nilitaka friza. Nauza barafu za ukwaju na ubuyu, na ile ya zamani ilikuwa inagandisha kwa kubembelezwa. Usiku mmoja nikatafuta bei mtandaoni, mara mbili tu, nikalala. Kulipokucha, kila nikishika simu ni friza: friza katikati ya picha za harusi, friza chini ya habari za mpira. Mojawapo ilikuwa laki mbili na nusu, eti ofa ya mwisho wa mwezi. Nikabonyeza.

Muuzaji alikuwa mpole kupita kiasi. Akataka advansi ya elfu themanini, nikatuma. Kisha akasema itaingia meseji yenye tarakimu sita "za kuthibitisha oda", nimsomee. Nikamsomea. Kumbe zilikuwa za kuingilia WhatsApp yangu. Dakika kumi baadaye mimi niko nje, yeye yuko ndani, anawaandikia ndugu zangu akiwa na picha yangu ya Idi.

Mamkubwa wa Muheza alituma elfu hamsini. Mjomba hakutuma. Nilipomuuliza alijuaje, akasema: "Ati 'mambo mjomba, za asubuhi'. Wewe tangu ujue kusema hujawahi kuniruka shikamoo." Nywila zangu zote zilikuwa hovyo, ya ukoo ndiyo iliyofanya kazi.

Kwa hasira nikahamia Mastodon. Kijana wa jirani anayetengeneza simu ndiye aliyenifungulia. Ni mtandao alioanzisha Mjerumani Eugen Rochko mwaka 2016, na hauna mmiliki mmoja: kuna seva nyingi, yaani kompyuta zinazoubeba mtandao, kila moja na mwenyewe na masharti yake, lakini zinazungumza. Fikiria barua pepe. Wewe uko kwa huyu, mimi kwa yule, na barua inafika. Hakuna matangazo, seva nyingi zinaendeshwa kwa michango. Linganisha na Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, ambayo mwaka 2023 iliingiza takriban dola bilioni 135, zaidi ya asilimia 95 zikiwa za matangazo. Kule biashara yenyewe ni kujua unachotaka kabla hujakisema.

Raha ya mwanzo sitaisahau. Machapisho yanakuja kwa mpangilio wa saa, hakuna friza inayokunyemelea. Upweke nao upo, nisikufiche: Waswahili huku ni wachache, na wateja wangu wa barafu hakuna hata mmoja. Kwa hiyo sikufunga akaunti za zamani. Nauzia kule, napumzikia huku.

Ila nilijidanganya kwamba nimehama mtaa wenye wezi. Ujumbe wa faragha wa Mastodon haujafungwa kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho. Mwenye seva akitaka kuusoma, anaweza. Usiandike humo namba ya kitambulisho wala mambo ya ndani. Na seva ni mali ya mtu: akichoka, anaifunga. Ukihama mapema, wafuasi unaweza kwenda nao, machapisho yanabaki. Mimi napakua kumbukumbu zangu mara kwa mara, na kabla ya kujiunga nilisoma masharti ya seva na kuangalia imedumu miaka mingapi.

Kufuli ni zilezile popote uendapo. WhatsApp, ingia mipangilio ya akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN yako mwenyewe. Hapo tarakimu za meseji peke yake hazimtoshi mwizi. Mastodon hutumia programu ya uthibitishaji inayotoa namba ndani ya simu yako. Hiyo naipenda kuliko meseji, maana laini yako ikirudishiwa mtu mwingine kwa udanganyifu, meseji zako zinaenda naye. Hapa Tanzania piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" waripoti kwa meseji kwenda 15040. Nilifanya hivyo kwa yule wangu, nikiwa nimechelewa.

Matangazo yanapunguzika. Kwenye simu ya Android, ndani ya mipangilio ya Google, kuna sehemu ya matangazo. Futa kitambulisho cha matangazo, yaani namba inayowajulisha watangazaji kwamba ni wewe. Kwenye kivinjari cha Firefox weka uBlock Origin, programu ndogo ya kuzuia matangazo, na bando lenyewe litakushukuru. Na tangazo likikuvutia, tazama ukurasa wake ulifunguliwa lini. Mitandao mingi inaonyesha. Ule wangu ulikuwa na wiki tatu. Ningeangalia kwa sekunde tano tu.

Mamkubwa nilimrudishia hela zake kidogo kidogo, naye sasa hatumi kitu bila kupiga simu na kusikia sauti. Friza nilinunua Kariakoo. Nilimwambia muuzaji aichomeke, nikaweka ndani bilauri ya maji, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka maji yalipoanza kushika barafu pembeni, ndipo nikatoa hela.