Hawa Wadogo, Wale Wako Mbali

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenigusa kidonda. Mmeuliza kwa nini vile vichekesho vya runinga vya Waingereza, vya ajabu-ajabu, hupendwa na watu wachache lakini hao wachache wakavipenda kufa. Na kama Mswahili anaweza kuvicheka bila kufafanuliwa. Nusu ya kwanza nawaachia wasomi. Nusu ya pili naijua kwa sababu nimewahi kumfafanulia mtu, na mtu mwenyewe ni mama yangu mzazi.

Kichekesho chenyewe ni Father Ted. Najua yupo atakayeruka kusema hicho si cha Waingereza, ni cha Waairishi. Ni kweli, waandishi wake, Graham Linehan na Arthur Mathews, ni Waairishi, waigizaji karibu wote ni Waairishi, na ile nyumba inayoonekana kwa nje iko County Clare, huko Ireland. Lakini mwenye kipindi alikuwa Channel 4, kituo cha runinga cha London, na mambo ya ndani ya nyumba yalirekodiwa London, mbele ya watu waliokuja kucheka. Mtoto wa nyumba mbili huyo. Tuendelee.

Kwa ambaye hajakiona: mapadre watatu wametupwa na askofu wao kwenye kisiwa cha kubuni kiitwacho Craggy Island. Mmoja, Jack, ni mzee mlevi asiyetoka kitini ila kufuata chupa. Dougal ni kijana ambaye sijui upadre aliupata vipi. Ted ndiye anayejiona mwenye akili, naye yuko pale kwa sababu pesa zilizochangwa kumpeleka mtoto kuhiji Lourdes, Ufaransa, zilikutwa kwenye akaunti yake. Kila akiguswa juu ya jambo hilo utetezi wake ni mmoja: pesa zilikuwa zimepumzika tu.

Zimepumzika! Mkenya gani anahitaji mkalimani hapo? Sisi tuliokaa sakafuni mbele ya runinga ya KBC tukimsikiliza Otoyo akijitetea kizimbani kwenye kichekesho chetu cha Vioja Mahakamani, tena tuliosoma magazeti ya miaka yote hii, tunazijua pesa zinazopumzika na tunawajua waliozilaza. Kwa hiyo nilikuwa na msimamo, na nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa nao bado: kichekesho hiki ni chetu kuliko cha wenyewe. Kinahusu watu waliokwama mahali padogo, wenye cheo kisicho na kazi, wakimwogopa mkubwa wao anayekuja kwa ghafla. Nani hajafanya kazi ofisi ya namna hiyo?

Sasa Mama. Mama alipika katika nyumba ya mapadre ya parokia yetu, Mombasa, miaka kumi na tisa. Na mapadre wa siku zile walikuwa Waairishi. Hata askofu wa kwanza wa jimbo, Eugene Butler, alikuwa Mwairishi wa shirika la Roho Mtakatifu. Mama alijua nani hali vitunguu, nani anaficha chupa, nani analia usiku akipata barua ya kwao. Hakuwahi kutusimulia hata siku moja. Tulijua kwa kuchungulia.

Aliponitembelea hapa Leeds, Uingereza, ilikuwa Januari, mvua haikatiki, nikaona nimpe zawadi. Nilimchagulia sehemu ya kwanza ya msimu wa pili, ya mwaka 1996, ambapo mapadre wanakwenda likizo kwenye karavani. Nikamweka kwenye kochi na leso zake mbili na sweta langu, chai mkononi.

Dakika tano za mwanzo akawa anauliza maswali ya haki kabisa. "Hiki kijumba cha magurudumu wamekilipia?" Nikamwambia nadhani wameazimwa. "Na mvua hii?" Ndiyo, Mama, na mvua hiyo. "Basi wangebaki kwao." Hapo nilipaswa kuelewa kwamba mambo hayaendi.

Ikafika ile yenyewe, ambayo wapenzi wa kipindi wanaijua kwa moyo kama sala ya Salamu Maria. Ted ameketi na Dougal ndani ya karavani, mkononi ana ng'ombe wa plastiki, anamfundisha kwa uvumilivu wa mwalimu wa chekechea: hawa ni wadogo, lakini wale wa kule nje wako mbali. Dougal anatazama, anafikiri, hajaelewa. Mimi nimeshapinduka kwa kicheko. Mama kimya.

"Amesemaje?"

Nikamfasiria neno kwa neno.

"Ehe. Halafu?"

"Halafu yule kijana hajaelewa."

"Amesema *wale*?"

"Ndiyo, Mama. Hawa ni wadogo, wale wako mbali."

"Sasa ukishaambiwa *wale*, si umeshaambiwa wako mbali? Huyo mkubwa naye ana maneno mengi."

Nisaidieni, wasomaji. Nimelala na jambo hili miaka. Kiingereza nacho kina maneno yake ya hapa na kule, lakini mzaha unasimama bila kuyategemea. Kwa Kiswahili nilichomfasiria, nusu ya somo la Ted lilikuwa limekwisha kabla hajafungua mkono. Nikajaribu njia nyingine. Nikachukua kidumu cha chumvi mezani, nikamsogezea usoni, nikamwonyesha dirishani basi lililosimama ng'ambo ya barabara. "Mama, hiki ni kidogo. Lile basi ni kubwa, ila liko mbali, ndiyo maana unaliona dogo. Sasa fikiria mtu mzima asiyelijua hilo." Nikarudia. Chumvi, basi. Chumvi, basi. Basi likaondoka.

Mama akaniangalia kwa huruma ambayo sijaiona tangu nilipougua surua. "Mwanangu," akasema, "huku unalala vizuri?"

Siku nyingine nikajaribu kwa Mrs Doyle, mtunza nyumba wa wale mapadre, maarufu kwa kumsukumia mgeni chai: kunywa, kunywa, kunywa bwana, mpaka mgeni anasalimu amri. Nilidhani hapo nimefika nyumbani, maana nani kwetu hajalishwa kwa nguvu? Mama alimtazama kwa makini sana. Alimwona akipanda juu ya paa, akaanguka, akarudi jikoni. Alimwona akipewa mashine ya kutengeneza chai, naye akaichukia. Hapo Mama aliitikia kwa kichwa, mara moja.

"Huyu mama," akauliza, "analipwa?"

Kipindi kizima kina sehemu 25. Nimezitazama zote, nyingine mara nne, na swali hilo halikuwahi kunipitia kichwani. Nilikuwa nimecheka kila alipoanguka. Kumbe nilikuwa nacheka nikiwa kochini kwangu, mbali. Mama alikuwa jikoni mle.

Cha mwisho nilichomsimulia ni habari ya Dermot Morgan, aliyeigiza Ted: alifariki Februari 1998, ana miaka 45, siku moja tu baada ya kumaliza kurekodi sehemu ya mwisho. Mama akafanya ishara ya msalaba. "Maskini fada." Nikamwambia, Mama, yule si fada, ni mwigizaji. "Najua," akasema. "Maskini fada."

Kwa hiyo kura yangu, Mhariri, baada ya kelele zote za hapo juu, iandikeni "hapana". Hakichekwi bila kufafanuliwa, na mimi nilipofafanua nikageuka Ted mwenye kidumu cha chumvi. Lakini msiiandike kwa wino mzito. Kiingereza cha Mama ni cha sokoni na cha misa, na kosa la kuchagua sehemu ni langu; pengine ningeanza na mtu asiyewahi kuwafulia mapadre kanzu. Tena mwezi uliopita alinipigia simu akilalamika kwamba mweka hazina wa chama chao, kule Mikindani, Mombasa, haeleweki juu ya mchango wa kina mama. Nikamuuliza pesa ziko wapi.

"Zimepumzika," akasema, na nikamsikia akicheka hadi simu ikamponyoka.

Alipoiokota, akaniuliza kama nimepata jibu la mshahara wa yule mama.