Jina la PCOS Lilinipotezea Miaka Minne

Wiki iliyopita msomaji wangu, binti wa miaka 19, alinitumia picha ya karatasi ya ultrasaundi na kuandika chini yake: «Dada, wamesema nina PCOS, ovari zimejaa uvimbe. Je, nitapasuliwa?» PCOS ni kifupi cha Kiingereza cha «polycystic ovary syndrome», yaani ugonjwa wa ovari (viungo vya mayai ya mwanamke) zenye vijifuko vingi. Nilichelewa kumjibu, kwa sababu mimi nililizwa na karatasi kama hiyo kwa sababu iliyo kinyume kabisa.

Nilipokuwa na miaka 24, hedhi yangu ilikuja mara nne tu kwa mwaka, na kila asubuhi niling'oa nywele za kidevuni kabla ya kwenda kazini. Daktari aliyenipokea aliagiza ultrasaundi peke yake, akaitazama, akasema ovari ni safi na kwa hiyo sina ugonjwa, nipunguze mawazo na nitafute mchumba. (Mchumba nilikuwa naye, na ndiye aliyelipia kipimo.) Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba kasoro ni ya tabia yangu.

Miaka minne baadaye daktari mwingine hakuanza na picha. Aliniuliza tarehe za hedhi, akakikagua kidevu changu bila kunionea haya, akapima testosteroni, ambayo ni homoni ya kiume, kisha prolaktini, homoni ya maziwa, na homoni za tezi ya thairoidi iliyo shingoni na za adrenali zilizo juu ya figo, maana zipo hitilafu nyingine zinazoiga dalili hizi. Ndipo akanieleza vigezo vya kuutambua PCOS vilivyokubaliwa na wataalamu mjini Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au vipimo vya homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vijifuko vingi; viwili kati ya vitatu vinatosha, magonjwa mengine yakishaondolewa. Mimi nilikuwa na viwili vya kwanza. Picha iliyonifukuza hospitali haikuhitajika hata kidogo, na sukari yangu ilikuwa imeshaanza kupanda bila mtu kuipima. Hilo sijalisamehe.

Kosa limejificha ndani ya jina. Madaktari Stein na Leventhal, walioandika kuhusu wanawake saba huko Chicago mwaka 1935, waliona ovari kubwa zenye vijifuko, na jina likang'ang'ania kile kilichoonekana kwa macho. Lakini vijifuko hivyo si uvimbe. Ni folikuli, yaani vifuko vichanga vya mayai vilivyosimama kabla ya kukomaa, kwa kawaida vya milimita 2 hadi 9. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 10 la orodha yake ya magonjwa, liliupa ugonjwa huu namba E28.2 katika sura ya homoni na umetaboli (jinsi mwili unavyotumia chakula na sukari), si katika sura ya magonjwa ya uzazi, na mwaka 2012 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilisema wazi kwamba jina linapotosha.

Kwa hiyo, dada zangu, msikubali kupewa jina hili wala kunyimwa kwa sababu ya picha peke yake. Andikeni tarehe za hedhi. Ukiambiwa unao, uliza ni vigezo vipi viwili. Ukiambiwa huna, uliza swali lilelile, na usiondoke kabla ya kupimwa sukari na shinikizo la damu. Tumefundishwa kunyamaza mbele ya koti jeupe kana kwamba kuuliza ni utovu wa adabu, ilhali mwili ni wako na fedha ni zako.

Nilimuuliza binti yule alivunja ungo lini. Akasema akiwa na miaka 14. Mwongozo wa kimataifa wa 2018 hautaki ultrasaundi itumike kuutambua ugonjwa huu kabla ya miaka 8 kupita tangu hedhi ya kwanza, kwa kuwa ovari za wasichana huwa na folikuli nyingi kwa kawaida. Hedhi yake huja kila baada ya siku 29 au 30, na hana nywele wala chunusi za kuzidi. Alikuwa amekwenda hospitali kwa sababu ya maumivu ya tumbo upande wa kulia, na tangu karatasi ile itoke, hakuna aliyemuuliza tena kuhusu maumivu hayo.