Maswali ya Kompyuta: Picha za Anime, Grabber na Jina la Mchoraji

Mwezi huu barua zenu nyingi zimeangukia sehemu moja, bodi za picha za mtandaoni, yaani mitandao ya kubandika na kutafuta picha kama Danbooru, na hii programu ya Grabber inayozifungua ukiwa kwenye kompyuta bila kupita kwenye brauza. Nimeziweka pamoja maana zinakamilishana.

Shikamoo dada. Niko chuo hapa Morogoro na najifunza kuchora anime. Kila siku niko Danbooru na Safebooru natafuta pozi na mikono ya kujifunzia, ila laptop yangu ya zamani, nikifungua tabu nyingi inaganda, afu kuna mitandao mingine matangazo yanarukaruka mpaka kero. Rafiki kasema kuna programu inaitwa Grabber unatafuta picha humohumo. Ni kweli? Haina virusi? – Mchoraji, Morogoro

Marahaba mdogo wangu. Ipo, ni ya bure, na kwa kazi yako hiyo itakufaa sana. Ilitengenezwa na mtu anayejulikana mtandaoni kwa jina la Bionus, na kodi yake yote, yaani maandishi yanayoiunda programu, iko wazi GitHub, mtandao wa watengeneza programu, kwa hiyo yeyote anayejua kusoma kodi anaweza kuikagua. Inakubali Windows, Linux na Mac. Ila naomba unisikilize hapa, ichukue hukohuko GitHub kwenye ukurasa wake wa matoleo, usikubali ya kuhamishiwa kwenye flashi wala ya mitandao inayokuambia bofya hapa ushushe haraka, virusi wengi wanaingia kwa njia hiyo na kosa linakuja kuonekana la programu. Na ukiona mtu anakuuzia, ujue anakuuzia kitu cha bure.

Kwanini ni nyepesi? Ukifungua Danbooru kwenye brauza unashusha ukurasa mzima, menyu, skripti, komenti na makorokoro mengine. Hii mitandao ina mlango wa pembeni kwa ajili ya programu, unaitwa API, Grabber inapita hapo inaomba orodha tu, inarudishiwa maandishi matupu yenye anwani ya picha, tagi zake (maneno yanayoeleza kilichomo), upana, urefu na alama ya usalama, halafu inavuta vile vipicha vidogo inakupangia kwenye skrini. Matangazo hayaji kabisa kwa sababu hayamo kwenye hiyo orodha. Utabofya Sources uchague mitandao unayotaka, unaweza kuweka tiki hata mitatu kwa pamoja, kisha unaandika tagi juu na yenyewe inakumalizia neno.

Jambo moja ujue mapema, bodi za picha ziko za aina mbili. Zile za asili kama Futaba ya Japani ya mwaka 2001 na 4chan iliyofuata 2003, watu wanafungua mada, wanabandika picha, mada ikikosa wachangiaji inasukumwa chini mpaka inafutika. Halafu ndo hizi za ukoo wa Danbooru iliyoanza 2005, hizi ni ghala, picha inakaa na watumiaji wenyewe wanaibandika tagi moja moja, nani kachora, mhusika gani, kavaa nini, kasimamaje. Grabber imetengenezwa kwa ajili ya hizi za ghala. Kwa mikono na pozi jaribu tagi kama foreshortening (kiungo kinachokuelekea kinavyochorwa kifupi) au perspective (umbali na ukaribu), ukitaka mandhari tupu andika scenery no_humans, na kumbuka tagi ya maneno mawili inaunganishwa na mstari wa chini, ukiacha nafasi inahesabu ni tagi mbili. Usichokitaka kiwekee alama ya kutoa mbele yake.

Habari mtaalamu. Kompyuta ya nyumbani tunatumia wote, mimi na wadogo zangu wawili wa shule ya msingi. Hizo bodi napenda zile picha za majengo na mawingu ila picha chafu zinaingia bila kuitwa. Nitazizuiaje? – Kaka mkubwa, Mombasa

Nzuri kaka, na umefanya vyema kuuliza kabla hawajakaa hapo. Kila picha kwenye Danbooru ina daraja lake, na tangu 2022 madaraja ni manne: general, sensitive, questionable na explicit. Hapa wengi wanaumia kwa kufuata maelekezo ya zamani. Zamani herufi s ilimaanisha safe, yaani salama, saivi hiyohiyo s kwa Danbooru ni sensitive, ambamo utakuta mavazi ya kuogelea na mikao ambayo mtoto wa darasa la nne hana haja nayo. Kwa hiyo andika rating:general kila unapotafuta, neno zima, usifupishe.

Ukimaliza hapo ingia Tools, Options, tafuta Blacklist, humo andika rating:explicit, shuka mstari rating:questionable, shuka mstari rating:sensitive, na tagi nyingine yoyote inayokukera, kila moja na mstari wake, kisha uiambie ifiche zote zilizomo kwenye hiyo orodha. Kwenye Sources nako toa tiki kwenye mitandao yote ya kikubwa ubakize ile iliyotengenezwa kuwa salama, mfano safebooru.donmai.us ambayo ni mlango wa Danbooru ileile unaoonyesha daraja la general tu.

Lakini kaka, hayo madaraja yanawekwa na watu, na mtu anakosea au anafanya makusudi. Kichujio chochote kinavuja siku moja. Watengenezee wadogo zako akaunti yao ya Windows isiyo na hii programu, na yako iwe na neno la siri. Na ukikutana na picha inayomdhalilisha mtoto, hata ikiwa ya kuchora, usiihifadhi, usimrushie mtu hata kwa nia ya kumuonyesha ubaya wake, iripoti kwenye mtandao wenyewe ufunge. Kenya mna sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, Tanzania tuna ya 2015, zote mbili zinagusa picha za ngono za watoto na hazina mzaha.

Dada nina picha kama elfu tatu nilishusha na Grabber, zote majina yake ni herufi na namba ndefu hazieleweki, afu bando linakata kama maji. Na kuna picha moja ya mvua naipenda nataka kujua nani kachora siwezi kumpata. – Msomaji, Mwanza

Barua yako imeniuma kidogo maana hili ndo linanikereketa kuliko yote. Hizo herufi na namba ni md5, tarakimu 32 zinazotoka kwenye faili lenyewe, na Grabber ukiifungua tu bila kugusa setingi ndo jina inalotumia. Kwa kompyuta ni jina zuri, picha ileile ukiishusha mara ya pili inajulikana hapohapo. Kwa binadamu halisemi kitu. Huenda mtu kakaa wiki nzima Osaka huko anachora hiyo mvua, tone kwa tone kwenye kioo cha basi, sisi tunaichukua bila hata kubaki na jina lake, na jina lilikuwepo palepale tulipobofya, limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya picha kwenye dirisha la Grabber.

Kwa hiyo leo kabla ya kushusha hata moja nyingine, ingia Options, sehemu ya Save, kwenye kisanduku cha jina la faili futa kilichopo uandike hivi:

%artist%/%copyright%_%md5%.%ext%

Ule mkwaju (/) unatengeneza folda, kila mchoraji anapata lake, ndani yake faili linaanza na jina la kazi au mchezo mhusika anakotoka, kisha md5 ili zisigongane, mwisho aina ya faili. Isipopata mchoraji inaziweka kwenye folda la anonymous. Hilo folda litazame mara kwa mara na usiliache linenepe. Hapohapo kwenye Save kuna pa kutengeneza faili la maandishi linaloandamana na picha, weka humo tagi zote na chanzo, maana chanzo mara nyingi ni linki ya Pixiv, mtandao wa wachoraji wa Japani, au X ya mchoraji mwenyewe, na huko ndo utamfuata uone kazi zake mpya.

Za zamani hazijapotea. Chukua hiyo md5 ya picha ya mvua, nenda Danbooru andika md5: na hizo tarakimu bila nafasi, ikiwa ilitoka huko itakuja yenyewe na jina la mwenyewe. Kama haiji, mfano uliipata kwa mtu WhatsApp na ikabanwa, md5 inakuwa imeshabadilika, hapo tumia SauceNAO au IQDB, unawapa picha wanakutafutia inayofanana nayo. Anza na zile unazozipenda kweli, nyingine utazifikia taratibu.

Bando sasa. Picha ya asili inaweza kuwa na upana wa pikseli elfu nne na uzito wa MB 5, ukibofya shusha zote kwenye matokeo 200 ushamaliza GB moja. Danbooru ina nakala ndogo ya upana wa pikseli 850, kwa kutazama na kujifunzia mkao inatosha kabisa. Kwenye Options toa tiki pale pa Download original images, ile ya asili ichukue kwa picha unayotaka kuchunguza mistari yake au kuiweka iwe mandhari ya skrini. Punguza pia idadi ya picha kwa ukurasa, vile vipicha vidogo navyo vinakula.

Nikiandika tagi tatu Danbooru inagoma, Gelbooru nayo haileti kitu kabisa. Programu imeharibika? – Bila jina, Kigoma

Haijaharibika. Danbooru akaunti ya bure inaruhusu tagi mbili kwa mara moja. Andika mbili zilizo adimu zaidi juu, ya tatu iweke kwenye kisanduku cha Post-filtering, Grabber itachuja yenyewe baada ya orodha kufika, ila utaona kurasa zina picha chache na hiyo ni kawaida. Gelbooru, ghala jingine kama Danbooru, wanataka ufunguo wa API, fungua akaunti kwao, nakili ufunguo na namba yako ya mtumiaji, ubandike kwenye setingi za hiyo Source.

Dada naprinti fulana Kariakoo. Hizo picha za Grabber naweza kuzitumia? Si ziko wazi mtandaoni? – Mfanyabiashara, Dar

Hapana ndugu yangu. Kuwa wazi kutazamwa hakukupi haki ya kuuza. Danbooru yenyewe siyo mwenye hizo picha, watumiaji wanazipandisha kutoka kwa wachoraji, na wachoraji kadhaa wanaomba zitolewe. Tanzania na Japani zote zimo kwenye Mkataba wa Berne, kwa hiyo kazi ya Mjapani inalindwa na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 kama ya mchoraji wa Kinondoni, na ukibanwa na COSOTA, wale wa hakimiliki Tanzania, hautajitetea na Grabber. Njia ipo na si ngumu: fungua ile linki ya chanzo, mwandikie mchoraji kwa Kiingereza chepesi au Kijapani cha mashine, mwambie fulana ngapi, bei gani, utamlipa vipi, na usiprinti mpaka akujibu kwa maandishi. Akikataa, yule kijana wa Morogoro hapo juu anajifunza kuchora, na wenzake wako wengi mjini, waagize wakuchoree ya kwako.