Waulizeni majina wakati bado wapo

Swali la gazeti lenu wiki hii linasema wazee wetu waliopigana vita wanawakumbukaje wenzao waliokufa, na sisi vijana tunawasaidiaje. Mi nitaongelea Vita vya Kagera maana ndo ninayoisikia nyumbani toka nikiwa mdogo. Baba mkubwa alichukuliwa mgambo huku kwetu Mara mwishoni mwa 1978, jeshi la Idi Amin wa Uganda lilikuwa limeshaingia Kagera na kulipua daraja la Kyaka, yeye na wenzake wakapewa mafunzo ya harakaharaka na mwaka unaofuata wakavukia Mutukula, mpakani, kuingia Uganda.

Kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, anawahi kukaa mbele ya TV. Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, yule mzee anayewawakilisha wastaafu anaweka shoka. Tarumbeta ikilia baba mkubwa anasimama palepale sebuleni, magoti yanamuuma lakini anasimama, na ukimwangalia vizuri utaona midomo inacheza. Siku moja nikamuuliza, baba mkubwa unasema nini? Akanijibu "naita seksheni yetu", yaani kile kikundi chao kidogo cha askari.

Sasa ishu iko hapa, majina anayoita mengi sio majina kamili. Kuna Mnyamwezi, kuna Mwalimu, kuna mmoja Kifupi, maana mgambo walikusanywa kutoka kila kona na vitani nani anauliza jina la ukoo. Mnyamwezi ndo rafiki yake hasa, walikuwa wanalala blanketi moja na sigara wanagawana nusu nusu. Alikufa Lukaya, huko Uganda, Machi 1979. Pale Brigedi ya 201, ambayo wengi wao walikuwa mgambo ndo kwanza wanaonja vita, ilipigwa maroketi na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, watu wakatawanyika gizani kwenye matope, kesho yake Brigedi ya 208 ikazunguka ikageuza mambo. Baba mkubwa anasema usiku ule alimsikia Mnyamwezi anamwita, hakumwona tena. Kampala ikaanguka 11 Aprili, watu wakashangilia, yeye anasema alikuwa anatafuta sura ya mtu mmoja tu kwenye kila lori linalopita.

Jenerali Musuguri, mmoja wa makamanda wetu wa vita ile, alipofariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104 nchi nzima ilijua, na alistahili kabisa heshima ile. Lakini Mnyamwezi anakumbukwa na nani? Kama mke wake au watoto wake wapo hapo Tabora au popote, hawajui kuna mzee Mara anamtaja mtu wao kila mwaka, na huyo mzee akiondoka basi imeisha. Hii inaniuma sana kwa kweli.

Zamani kwenye misiba ya waliopigana walikuwa wanakuja wenzao wengi, wanaitana afande, wanampigia saluti mwenzao kabla hajashushwa kaburini. Juzi walikuja wawili, mmoja kaletwa na mjukuu kwenye bodaboda. Halafu utasikia ndugu wanasema mzee asiongelee vita atapandisha presha, mwacheni apumzike. Mi nakataa. Akinyamazishwa ndo hapati usingizi, akiongea analala.

Kwa hiyo nimeanza kumrekodi kwenye simu, jina la utani, alitokea wapi, alikuwa anapenda kuimba nini, kovu liko wapi, chochote, na yeye mwenyewe akikumbuka kitu ananiita hata saa nne usiku. Na Julai ijayo nampeleka Kaboya kule Muleba kwenye makaburi ya mashujaa, hajawahi kufika toka vita iishe. Siku hizi kuna daraja la Kigongo-Busisi kule Mwanza, linavuka ziwa, safari sio ya mateso kama zamani. Nimeshaongea na mwenye Noah, tunaondokea Musoma, siti bado zipo, mwenye mzee wake huku Mara aandike hapahapa gazetini nitamsoma.