Makaa Mekundu Yasiyo na Moshi Hayako Salama Chumbani

Kila ifikapo Juni, baridi inaposhuka kutoka safu ya Uporoto na kutanda Uyole hadi katikati ya jiji la Mbeya, jioni utaona majiko ya mkaa yakipepewa uani, na mkaa ukishakolea na moshi kuisha, jiko hubebwa likaingizwa chumbani. Nimekulia katika desturi hiyo. Tulifundishwa kwamba kinachoua ni moshi, na kwamba mkaa uliokolea ukawa mwekundu hauna madhara. Imani hiyo nusura ituondolee watu watatu katika nyumba yetu, na kila msimu wa baridi naisikia ikirudiwa na watu wazima wenye mapenzi ya kweli kwa watoto wao.

Ilikuwa Julai, na mdogo wangu alikuwa na wiki mbili tangu ajifungue. Mama mdogo alikuwa amekuja kutoka Makete kumhudumia mzazi, na kwa kuwa huko kwao baridi ni kali kuliko kwetu, hakuna aliyethubutu kumbishia kuhusu namna ya kumkinga mtoto. Aliwasha jiko nje, akasubiri hadi moshi wote ulipokwisha, akaliingiza chumbani, akafunga dirisha, kisha akaziba uwazi wa chini ya mlango kwa kitenge. Usiku wa manane nilimsikia mtoto akilia kwa sauti iliyofifia. Nilipofungua mlango nilikuta joto jingi, lakini hapakuwa na moshi wala harufu yoyote. Mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani akijaribu kusimama na miguu ikikataa, na mama mdogo hakuitika hata nilipomtikisa.

Tuliwaburuta hadi uani, tukatafuta gari, na hospitalini wakawekewa oksijeni. Wote watatu walipona. Tangu usiku huo nimejifunza jambo hili kwa bidii, na nalieleza kwa kila anayenisikiliza.

Mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu na haina ladha. Moshi ni kitu kingine kabisa, nao hutokana zaidi na mkaa ambao haujashika moto vizuri. Kwa hiyo moshi unapoisha, tunapoteza kile kitu kimoja ambacho kingetuchoma macho na kutulazimisha kufungua dirisha, ilhali gesi yenyewe inaendelea kutoka. Huenda umewahi kuona vijimiali vya buluu vikichezacheza juu ya mkaa mwekundu: hiyo ndiyo gesi ninayoisema, ikiungua, na ile isiyowahi kuungua husambaa chumbani. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu hushindwa kupeleka oksijeni kwenye ubongo na moyo.

Hapo ndipo maelezo mengine tunayopeana, kwamba jiko "linamaliza hewa", yanapopotosha. Yana chembe ya ukweli, lakini humfanya mtu aamini kwamba akiacha upenyo mdogo dirishani amejikinga, wakati mtu anaweza kufa katika chumba chenye oksijeni ya kutosha, kwa sababu damu yake haiwezi tena kuibeba. Vivyo hivyo beseni la maji ambalo wengine huliweka kando ya jiko: gesi hii haiyeyuki majini kiasi cha kumsaidia mtu. Wala kulala kitandani badala ya chini hakusaidii, kwa kuwa uzito wake unakaribiana sana na ule wa hewa, nayo huchanganyika na kuenea chumba kizima.

Usiku ule jirani yetu alikuja mbio na kikombe cha maziwa, kwa nia njema, kwani wengi wetu tunaamini maziwa huondoa sumu ya kila aina. Sumu hii iko kwenye damu na imeingia kwa njia ya mapafu. Maziwa hayawezi kuifikia, na mtu aliyepoteza fahamu akinyweshwa anaweza kupaliwa, maziwa yakaingia mapafuni. Mtoe nje penye hewa safi mara moja, kisha mpeleke hospitali hata kama amezinduka, kwa maana mtu akivuta hewa ya kawaida tu, huchukua takribani saa nne hadi sita gesi hiyo kupungua kwa nusu mwilini, lakini kwa oksijeni halisi ni kama saa moja au moja na nusu. Mwambie mhudumu waziwazi kwamba jiko lilikuwa chumbani. Kifaa kile kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakitofautishi gesi hii na oksijeni, na kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini. Pia, mkiamka baada ya kulala na jiko chumbani, wote mkiumwa kichwa, mkiwa na kichefuchefu na kizunguzungu, msikimbilie kudhani ni malaria.

Nadhani kosa letu huanzia mbali zaidi, kwenye imani kwamba baridi yenyewe ndiyo nimonia. Nimonia huletwa na vimelea, yaani bakteria na virusi, ambavyo huenea kwa urahisi pale tunapojazana katika chumba kilichofungwa, na moshi wa jikoni humwongezea mtoto hatari ya kuupata ugonjwa huo. Ni kweli mtoto mchanga lazima apate joto, kwa kuwa mwili wake hupoteza joto haraka, lakini kinga ya nimonia ni pamoja na kunyonyeshwa na kupata chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Nyumbani kwetu sasa mtoto huvalishwa kofia na soksi, na mama yake humweka kifuani ngozi kwa ngozi, wakajifunika blanketi pamoja. Watu wazima hujaza maji ya moto kwenye chupa, wakaifunga vizuri na kuizungushia kanga, na kuiweka miguuni. Jiko hubaki nje, hata kama limebakiwa na majivu na kaa mbili tatu tu. Mama mdogo amerudi Makete, na kila anapoitwa kumhudumia mzazi, jambo la kwanza analouliza ni mahali jiko litakapolala.